Umemeza Dawa?

Wiki iliyopita mliniacha nimeketi mbele ya cherehani katika kibanda chetu cha ushonaji pale Majengo, mjini Nyeri, sindano imenipenya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, nami nikiitazama kama mtu anayetazama kidole cha jirani.

Sikuhisi kitu. Tuanzie hapo.

Kwa ambaye hakuwa nasi: naitwa Wawira. Nilizaliwa Runyenjes, upande wa Embu, nikaolewa Tetu na Ngatia, mwanamume mpole mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la majani chai. Tulingoja mtoto kwa muda mrefu. Alipokuja, alikuja kabla ya wakati wake, tukiwa tumeenda harusi karibu na Karatina. Nilizaa katika hospitali ndogo ya huko. Nikavuja damu hadi nikazimia, nikakimbizwa Nyeri kwa ambulensi, na mtoto akabaki nyuma.

Nilipofungua macho, Ngatia alikuwa kando ya kitanda, kofia mikononi. Akaniambia alikuwa msichana. Akaniambia ameenda. Akaniambia wameshamzika nyumbani, nyuma ya migomba, kwa hivyo nisijisumbue na mawazo mengi.

Nikarudi nyumbani na maziwa kifuani, na hakuna wa kuyanyonya. Nikalia. Nililia nikikama ng'ombe, nikalia kanisani, nikalia nikichambua mboga. Mwishowe Ngatia alinipeleka kwa kliniki moja ya kibinafsi mjini. Daktari aliniuliza kama nalala, kama nakula, kama nalia.

"Ni dipresheni," akasema. "Utameza hizi."

Hakuniuliza ninamlilia nani. Niliporudi bado ninalia, aliniongezea. Niliporudi tena, akaongeza tena, na machozi yakakauka kweli. Kila kitu kilikauka.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu. Nikikaa kimya mezani: "Umemeza dawa?" Nikiamka macho yamevimba: "Umemeza dawa?" Nikifungua mdomo kusema, "Ngatia, yule mtoto," tayari alikuwa amesimama kuniletea maji kwa kikombe.

Ndivyo nilivyofika kwa ile sindano.

*

Aliyeniona kwanza ni Shiku, dada mdogo wa Ngatia. Tunashona naye sare za shule.

"Wawira! Wewe! Huskii uchungu?"

"Uchungu gani?"

Alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pole pole, sindano ikapanda. Damu ikatiririka juu ya sketi ya buluu ya mtoto wa watu. Shiku akafunga kidole changu kwa kitambaa, halafu akaanza kulia.

Mimi ndiye niliyedungwa. Yeye ndiye aliyelia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu ambaye hasikii sindano atasikia nini tena? Atasikia nyumba ikiungua? Alasiri hiyo nilifika nyumbani, nikachukua dawa zote, nikazimwaga chooni. Sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza nilijisifu. Siku zilizofuata nilidhani nakufa.

Kichwa kilikuwa kinapiga cheche. Kila nilipogeuza macho, kitu kama stima kilinipita kutoka sikio hadi sikio. Nilitoka jasho katika ile baridi ya Tetu. Nilitapika chai, nikatapika uji, nikatapika maji. Woga ulinishika bila sababu, nikawa naogopa hata sauti ya kuku. Kisha asubuhi moja nikaanguka katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, na wachumaji wenzangu wakanibeba hadi nyumbani kama gunia.

Mama mkwe wangu alinitazama kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Hii ndiyo shida ya kuoa mbali," akasema. "Hatujui kwao kuna nini."

"Nimtoe nimpeleke kwa kliniki," Ngatia akasema. "Daktari atamwongezea."

"Ati amwongezee nini?" Shiku akamkata. "Amemwongezea mpaka mtu amekuwa kama mti! Leo anaenda na mimi. Kuna daktari mwingine mjini, wa serikali. Huyo huwa anaongea na watu."

"Kuongea?" mama mkwe akauliza. "Kuongea kunaponya nini?"

Shiku alinivalisha sweta yake, akaniinua.

*

Daktari Mburugu alikuwa mzee wa Meru, mwenye kifua kibovu na chupa ya uji juu ya meza. Nilitarajia mtu wa upole. Hakuwa wa upole.

"Nani alikuambia uache dawa ghafla hivyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi usirudie. Hizi dawa mtu huziacha pole pole, kama anashuka ngazi. Wewe umeruka kwa dirisha ya gorofa."

"Daktari, zinaniua. Siskii kitu. Nilidungwa sindano na sikuskia."

Alikohoa, akanywa uji, akaniangalia tena.

"Sikia, mama. Dawa haina makosa. Kuna watu hapa Nyeri wanaamka asubuhi na kwenda kazi kwa sababu ya hiyo hiyo dawa. Mimi huwaandikia, na wakisikia ati waitupe, nitawafuata mpaka kwao. Swali ni kama ni yako. Hii ilianza lini?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusimulia kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kuniletea maji. Hakuandika chochote. Nilipomaliza, akauliza:

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mtoto."

Nikatazama Shiku. Shiku akatazama sakafu.

"Hakupewa jina," nikasema. Jina lilikuwa liwe la mama mkwe wangu, kama desturi inavyotaka kwa msichana wa kwanza. Lakini mama mkwe alikataa jina lake liende na maiti.

"Alifanana na nani?"

"Sijui. Sikumwona."

"Kaburi umeona?"

"Iko nyuma ya migomba. Sijawahi kwenda. Wanasema nitajiumiza."

Daktari Mburugu alifunga chupa ya uji.

"Mimi naona mtu amefiwa," akasema. "Mtu amefiwa na hajalia mpaka amalize. Mlitakiwa kufanya matanga, watu wakae na wewe, waimbe, waende nyumbani. Badala ya matanga ukapewa tembe. Sasa hiyo tembe itafanya nini? Itazika mtoto?"

"Kwa hivyo mimi si mgonjwa?"

"Uko mgonjwa sana. Huzuni ukiifungia ndani inaoza. Lakini kwako wewe dawa haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kulia, na kuongea, na mtu wa kukusikiza. Tungeona hiyo imeshindwa, dawa ingekuwa bado iko hapa."

Alinirudishia dawa, kiasi kidogo, cha kupunguzwa kila nikija. Akasema nije kila wiki, nitembee asubuhi na Shiku hata kama miguu inakataa. Akasema nije na mume wangu.

"Na uende kwa kaburi," akaniambia nikiwa mlangoni. "Usiombe ruhusa sana."

*

Niliomba ruhusa. Mimi ni mke wa watu.

Tulikuwa jikoni, watatu, mvua imeisha. Nikasema nataka kuonyeshwa mahali mtoto amelala.

Mama mkwe aliweka mwiko chini. "Mtoto mchanga hatumlilii hapa kwangu. Ukimlilia unafunga tumbo, na mimi nataka wajukuu."

"Maitu," nikamwita kwa Kikuyu, yaani mama, "nataka tu kuona."

"Umemeza dawa?" Ngatia akauliza.

"Nimemeza," nikamwambia. "Na bado nauliza."

Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye. Nilifikiri ni uchungu. Kumbe ni kitu kingine.

Akatoka, nikamfuata. Alipita zizi la ng'ombe, akaingia nyuma ya migomba, akasimama. Akasogea kidogo kushoto. Akasogea tena. Kisha akaelekeza chini kwa kidole.

"Ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tu."

Ningepaswa kujua siku ile ile. Mtu aliyezika mtoto wake hatafuti mahali.

Lakini sikujua. Nilimshukuru, yeye akarudi kwa ng'ombe mbio mbio, na mimi nikakaa kwenye majani maji maji. Kisha nikaanza kumwambia mtoto mambo ya kijinga: ng'ombe wetu wanaitwaje, mlima unatokea upande gani mawingu yakiondoka, babake anakoroma namna gani. Nikamwambia nilikuwa nimemshonea fulana za manjano kabla ya kujua ni msichana.

Hapo kwenye fulana ndipo kilio kilipotoka. Kilitoka kwa sauti ambayo sikuijua. Mbwa walibweka. Shiku alikuja mbio, akaketi kando yangu, hakuniambia ninyamaze.

Na sasa nitawaambia jambo ambalo wengine hawataamini. Nilianza kupona.

Uchungu ulirudi, ndiyo, tena mkali, lakini haukurudi peke yake. Nilisikia harufu ya majani chai asubuhi. Nilisikia njaa. Siku moja nilichomwa na uji wa moto, nikapiga kelele, halafu nikacheka hadi Shiku akashangaa. Tulitembea kila asubuhi hadi kituo cha kupimia majani na kurudi, nikimweleza mambo yangu, naye akinieleza ya kwake. Kila wiki nilienda kwa Daktari Mburugu, nikaongea, nikalia, akapunguza dawa, akakohoa, akaniambia nirudi. Kila jioni kabla jua halijashuka nilipita nyuma ya migomba.

Nilipanda hata maua ya manjano pale.

Niliyekuwa nazidi kumpoteza ni Ngatia. Alikuwa amekonda. Alilala kitako kwenye kiti, viatu miguuni. Nikimwomba twende kwa daktari pamoja, alisema, "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Nikimwomba aje nami kaburini, alisema ana kazi. Na hakuniuliza tena kama nimemeza dawa. Nilidhani ameanza kuniamini.

*

Kabla msimu wa mvua haujaisha, mama mkwe alileta vijana wa kuchimba shimo la gesi ya mavi ya ng'ombe. Nilikuwa Majengo. Nilirudi mchana kuchukua kitambaa nilichokuwa nimesahau, nikasikia majembe nyuma ya nyumba.

Nikakimbia.

Maua yangu yalikuwa yameng'olewa na kutupwa kando. Vijana wawili walikuwa ndani ya shimo hadi magotini. Sikumbuki nikivuka zizi. Nakumbuka niko chini, kifua juu ya udongo, nimekumbatia jembe la mmoja wao.

"Tokeni! Mtoto wangu! Mnamkatakata mtoto wangu!"

Kijana aliachilia jembe kama limemchoma. "Mama, hatukuambiwa! Walahi hatukuambiwa kuna mtu!"

Mama mkwe akaja mbio, mkono kiunoni. "Wawira, inuka. Unatuaibisha."

"Unachimba juu ya mtoto wangu!"

"Inuka, nimesema!"

"Juu ya mjukuu wako!"

"Hakuna mtoto hapo!" alipasuka. "Unalilia udongo mtupu! Miezi hii yote unamwagia mchanga machozi kama mwenda wazimu. Hakuna mtu alizikwa hapo. Hakuna!"

Vijana wakatoka shimoni, wakaondoka bila kuaga.

Niliuliza kitu kimoja tu. "Yuko wapi?"

Mama mkwe alifunga leso yake, akaifungua, akaifunga tena. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

"Uliza bwana yako," akasema.

*

Ngatia alikuwa amepeleka maziwa. Nilimngojea nikiwa nimekaa kitandani.

Sitawaficha. Zile dawa chache zilizobaki zilikuwa mezani. Nilizitazama, na kwa mara ya kwanza sikuziona kama dawa. Nilifikiri jinsi ningelala na swali langu likalala pia. Nilikuwa nimepona kwa kaburi la uongo. Kila neno nililomwambia mtoto wangu nilikuwa nimeliambia udongo. Kama kupona kwenyewe kulikuwa uongo, kulibaki nini?

Shiku akaingia. Vijana wa shimo walikuwa wamempigia simu. Alitazama uso wangu, akatazama meza, akachukua dawa akaziingiza mfukoni. Akapiga simu palepale.

Nilimsikia Daktari Mburugu akikohoa upande wa pili.

"Usimwache peke yake," alimwambia Shiku. "Hata chooni nenda naye. Mlete sasa. Na huyo bwana aje, hata kama ni kwa kufungwa kamba."

Hakufungwa kamba. Tulimkuta Ngatia njiani na mitungi yake mitupu. Shiku alimwambia, "Mama amesema. Wawira anajua hakuna kaburi." Ngatia aliweka mitungi chini, hapo hapo kando ya barabara, akaiacha, akaja nasi.

*

Katika chumba cha daktari kulikuwa na viti vitatu. Shiku alisimama.

"Nimekuita mara nyingi," Daktari Mburugu alimwambia Ngatia. "Leo umekuja. Sema."

Ngatia alikuwa ameshika kofia kama siku ile ya hospitali.

"Nilimwacha kule Karatina," akasema. "Niliwaambia wamzike wao. Sikuweza kumbeba. Nilijaribu, daktari. Nilifika mpaka kwa mlango."

"Kwa nini uliniambia nyuma ya migomba?" nikauliza.

"Uliuliza yuko wapi. Ulikuwa umefungwa mirija kila mahali. Nilisema kitu ya kwanza ilikuja."

Huo ungetosha. Uongo wa mwoga, nao ungesameheka siku moja. Niliona mabega yake yakishuka, nikadhani amemaliza. Daktari Mburugu hakudhani hivyo.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mtu hawezi kukonda hivyo kwa sababu ya shimo."

Nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa.

"Siku uliamka," Ngatia akasema, akitazama kofia, "ile Jumatatu... Wawira, siku hiyo nilikuambia ameenda."

"Ndiyo."

"Alikuwa bado hajaenda."

Sikuelewa. Niliyasikia maneno yote na sikuelewa.

"Alienda Alhamisi," akasema.

Shiku aliweka mkono mdomoni.

"Daktari wa kule alituambia mapafu hayajakomaa. Akasema ni kungoja tu, hakuna kitu watafanya. Na wewe hapa Nyeri walikuwa wamekutoa kwa mashini jana yake. Maitu akasema, huyu akienda kumwona mtoto, moyo utapasuka, wataenda wote wawili. Nikaogopa, Wawira. Nikaona nitarudi Tetu peke yangu. Nikasema heri umlilie mara moja kuliko..."

"Alikuwa anapumua."

"Alikuwa anapumua."

"Mimi nimelala hapa ninamlilia, na yeye yuko Karatina anapumua."

Alikunja ukingo wa kofia.

"Ningepelekwa kwa kiti. Ningebebwa!"

"Ungebebwa," akasema, na hapo akavunjika. Alilia kama mtoto, kofia usoni. Sikuwahi kumwona akilia. Na nikaelewa lile swali lake la kila siku, na ule upesi wake wa kuniletea maji. Kila mara nilipolia alikuwa akisikia mtu akimkaribia na taa.

Nilimgeukia Daktari Mburugu. Sijui nilitaka nini kutoka kwake.

"Nirudishie zile dawa nyingi," nikamwambia. "Zile za kutosikia. Kuna ya kutosha hii?"

"Hakuna," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ningekuwa nayo ningekupa. Kwa hii hakuna. Hii ni ya kukaa nayo, na sisi tukae na wewe."

Tukakaa. Mgonjwa mwingine aligonga mlango, Shiku akamwambia angoje.

Nilikuwa na swali moja lililobaki na nililiogopa kuliko yote. Nililiona likija, nikajaribu kulirudisha, likanishinda.

"Alikuwa peke yake?"

Ngatia alitoa kofia usoni.

"Hapana."

"Ulikuwa naye?"

"Mimi nilikuwa na wewe. Nilikuwa nakuja kule na kurudi." Aliweka kofia gotini. "Alikuwa na mama yako."

"Mama yangu? Mama yangu alikuwa Runyenjes."

"Nilimpigia usiku ule ulizimia. Alikuja Karatina kabla ya jua kutoka. Walimruhusu amweke kifuani, ndani ya leso. Hakumweka chini, Wawira. Nilimletea chai, hakuinuka. Alikuwa anamwimbia kwa Kiembu. Mpaka Alhamisi."

"Mama alijua?"

"Nilimwapisha. Nilimwambia ukijua utakufa, na itakuwa juu yake. Hakutaka. Nilipiga magoti."

Basi nikakumbuka Ijumaa ile. Mama alikuja Nyeri na sketi iliyokunjamana, macho mekundu, akasimama mlangoni mwa wadi. Nilikuwa nimemngoja tangu Jumatatu. Nilimgeuzia mgongo. "Leo ndiyo umepata nafasi ya kuja?" nilimwambia. "Leo, kila kitu kimeisha?" Mama aliketi akanikanda miguu. Tangu hapo amekuwa akinipigia simu, anauliza kama nimekula, kisha anakata haraka, nami nimekuwa nikisema moyoni kwamba mama yangu ana moyo wa jiwe.

Nikatoa simu.

"Wacha nimpigie mimi kwanza," Ngatia akasema, akisimama. "Aliapa kwa Biblia. Atashtuka. Wawira, yule ana presha."

"Keti," Daktari Mburugu akamwambia.

Simu iliita kidogo tu.

"Wawira? Umekula?"

Nilikuwa nimepanga kumpigia kelele. Nilikuwa nimepanga kumuuliza mama gani humfanyia mwanawe hivyo. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mama," nikasema. "Alikuwa mzito kiasi gani?"

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akiuliza ni nani anapiga. Nilisikia pumzi ya Mama. Kisha nikasikia hatua zake zikitoka uani, mlango ukifungwa, na kiti kikivutwa.